Kibonge cha Nyuma

Kibonge kimoja cha sukari kilikuwa kimelowa. Arwa alikigusa mara mbili asiamini, kwa sababu katika chumba kile cha chini ya nyumba hakukuwa na maji, na aliviacha vibonge vyote vikavu alipopanda juu kula. Vinne vya mbele vilikuwa vikavu bado. Kile cha nyuma, kilichojificha kwenye kona, kilikuwa kimelowa pande tatu zisizogusana na kitu, na kilinata kidoleni kama pipi iliyotoka mdomoni mwa mtoto.

Sukari ile ndiyo iliyokuwa ikimfundisha. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno ulishamwangusha mara moja, na kilichomponza ni michemraba. Unaonyeshwa picha ya rundo la michemraba iliyounganishwa kwa gundi na kupakwa rangi kila upande isipokuwa chini, kisha unaulizwa mingapi ina rangi pande tatu, mingapi pande mbili. Rahisi, ungesema, mpaka ufike kwenye mchemraba usioonekana. Upo au haupo? Kanuni ni kwamba uliofichika unahesabiwa endapo tu kuna kitu kilichokaa juu yake. Usiobeba kitu haupo. Lakini Arwa alikuwa amechoshwa na wasiwasi. Siku ile alijenga rundo kwa sukari ya bibi yake, akaweka kibonge cha tano kwenye kona isiyoonekana, akakigonga kwa kidole na kusema kwa sauti, "Wewe upo. Nakuhesabu."

Hakusema bismillahi. Kwao, tangu Yemen mpaka hapa Dearborn, Marekani, hakuna aliyehesabu kitu bila kutaja jina la Mungu kwanza, iwe mikate au watoto, asije asiyeonekana akajitia katika hesabu. Bibi Hamama alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma. Alisahau, basi, kichwa kilikuwa kimejaa mtihani.

Wiki ile mama yake, Sumaya, alianza kumimina glasi tano za chai. Nyumba ilikuwa na watu wanne tu: baba, mama, Arwa na Bibi. Mama alicheka, akasema uzee unabisha hodi. Kesho yake akamimina tano tena, na safari hii hakucheka.

Lakini habari kubwa ya nyumba ilikuwa Bibi mwenyewe. Kwa miaka miwili hakuwa ameinuka kitini bila watu wawili kumshika. Ijumaa ile aliingia jikoni peke yake, kinywa wazi kwa kicheko, hana hata jino moja, akauliza ni mwizi gani anayemmalizia sukari yake. Arwa alilia kwa furaha. Bibi ndiye aliyemlea Arwa wakati mama yuko kazini, na ni kwa ajili ya Bibi alitaka kuwa daktari wa meno. Alikuwa amemwahidi kumwekea meno kwa mkono wake mwenyewe. Kweli, aliona kwamba mkono wa kushoto wa Bibi ulikuwa umeinuliwa usawa wa kifua, vidole vimejikunja, kama anayeshika bega la mtu. Akasema moyoni ni dawa mpya, hajazoea kutembea.

Huko chini mambo yalizidi. Kila alipoketi na kitabu chake palinuka kisima cha zamani, ingawa nje udongo wote ulikuwa umeganda kwa barafu, na nyuma ya mtambo wa kupashia nyumba joto alisikia ulimi, ulimi mnene usio na haraka, ukilamba, ukinyamaza alipogeuka, ukianza tena alipoinamia kitabu, mpaka akawa anasoma huku mgongo umebanwa ukutani na machozi yakimtoka bila yeye kujua.

Jumamosi mama alimwita Sheikh Mutahhar, fundi matairi wa mtaa wa pili, ambaye watu humwita wakipatwa na mambo kama haya. Alikuja mchana, mikono bado inanuka mpira. Alisikiliza habari yote, akashuka na Arwa kulitazama rundo.

"Ulimhesabu bila bismillahi?"

"Nilisahau, sheikh."

"Na juu yake kuna kitu chochote? Fikiri kwanza, binti yangu."

Arwa alikitazama kibonge cha nyuma. Kanuni aliijua kwa moyo. "Hakuna," alinong'ona.

"Basi hana haki ya kukaa."

Akasoma aya kwa muda mrefu, kisha akamwamuru akiondoe kibonge kwa mkono wa kulia. Arwa alikiondoa. Harufu ya kisima ikakatika. Papo hapo, juu ya vichwa vyao, kitu kizito kikaanguka sakafuni.

Bibi alikuwa amelala kando ya jiko. Hakulaumu mtu. "Umemwondoa," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa amenibeba, mjukuu wangu."

Hospitalini walisema nyonga imevunjika, na kwa moyo ule hawathubutu kumpasua. Wakamrudisha nyumbani. Alilala ameelekea ukutani, akikataa hata chai. Mtihani wa Arwa ulikuwa Jumatano, na hakufungua kitabu.

Jumatatu mchana, wazazi wakiwa kazini, alishuka na boksi la sukari. Alipanga vinne vya mbele, akaweka cha tano kwenye kona. Kisha akaweka cha sita juu ya kile cha tano, pasiwe na ubishi tena.

"Huyu wa juu ni Bibi," alisema. "Sasa una cha kubeba."

Akahesabu moja mpaka sita. Hakusema bismillahi, na safari hii hakusahau.

Juu kitanda kililia. Zikasikika hatua, nzito kwanza, kisha nyepesi. Birika likagongana na jiko. "Arwa," Bibi aliita kwa sauti ya zamani, "njoo tunywe chai."

Arwa alicheka huku akilia. Kabla ya kupanda aliinama kutazama. Kibonge cha tano kilikuwa kikavu kabisa. Cha sita, kile cha juu, kilikuwa kimelowa kila upande isipokuwa chini, na kona zake zilikwisha kuviringana. Nyuma ya mtambo ulimi ulikuwa ukiendelea bila haraka.

Akanyoosha mkono akiondoe kile cha tano. Akasikia hatua za Bibi zikipita juu ya kichwa chake, akaurudisha.