Punje Ndani ya Kifuniko

Mwili ulikuwa umelala kifudifudi kwenye changarawe, karibu na gari lililopinduka, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama wa mtu anayetaka kuzuia kitu kisimpite.

Inspekta hakuugusa. Alisimama kwanza, akainua uso, akatazama juu.

Ukuta wa mlima ulipanda wima mpaka ukazama mawinguni. Barabara, ile ambayo madereva waliiita Ngazi, ilionekana kama mkwaruzo wa kucha kwenye mwamba mweusi. Maisha yake yote mama huyu mpelelezi alikuwa ameuona ukuta huo kwa mbali. Leo aliposimama chini yake, shingo ilimuuma kabla macho hayajafika kileleni, akajisikia mdogo kama sisimizi kwenye mlango wa ghala.

"Afande, ni Nyati," alisema Koplo kwa sauti ya chini. "Dereva wa milimani. Walikuwa wakisema gari lake linaweza kupanda mti."

"Nani kamkuta?"

"Dereva wa lori la mawe, asubuhi hii. Anasema tairi limepasuka, gari likapiga mwereka. Ajali."

"Alilisikia likipasuka?"

"Hapana. Alikuta hivi hivi."

"Basi hajui. Anakisia."

Inspekta alizunguka gari. Matairi yalikuwa mapya, mapana, yenye meno makubwa ya kung'ata matope. Matatu yalikuwa yameshiba upepo. La nne, la mbele kushoto, lilikuwa limevuka rimu na kuning'inia kama kiatu kilichomvuka mlevi. Alichuchumaa akalipapasa ubavu mzunguko mzima, taratibu, kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika.

Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na mchaniko. Hata mkwaruzo wa maana haukuwapo.

"Koplo, tairi lililopasuka hupasuka wapi?"

"Popote, afande. Lakini hupasuka."

"Hili halikupasuka. Liliishiwa upepo, halafu likavuka rimu kwenye kona." Alisimama akipangusa mikono. "Piga picha kila kitu. Gari lote ni kielelezo. Mtu asiguse vali."

Daktari alipomaliza uchunguzi wa maiti alisema kwa ufupi: marehemu alikufa kwa kuanguka. Hakuwa amelewa, hakuwa mgonjwa, hakuwa na jeraha la silaha. Kila mtu kituoni aliona jalada limekwisha. Inspekta peke yake ndiye aliyekwenda kusimama nyuma ya bega la mkemia wa polisi, mzee mwenye miwani minene, alipokuwa akifungua kifuniko cha vali ya lile tairi.

Kifuniko kilitoka. Mkemia akakigeuza juu ya karatasi nyeupe, akakigonga kwa ukucha.

Ikaanguka punje moja ya kijivu.

Wote wawili waliinama wakaitazama. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

"Ujanja wa zamani," mkemia alisema. "Unaweka kijiwe ndani ya kifuniko, unakikaza. Kijiwe kinaibonyeza pini ya vali, upepo unatoka kidogo kidogo. Asiyesikiliza kwa sikio la karibu hajui."

"Haiwezi kuingia kwa bahati mbaya?"

"Vifuniko vingine vitatu ni visafi kama kijiko. Halafu kuna jambo jingine." Aliisogeza punje chini ya kioo cha kukuzia. "Mwamba wa Ngazi ni mweusi. Udongo wa mjini ni mwekundu. Hii ni majivu, Inspekta. Majivu ya mlima wa moto yaliyogeuka jiwe, miaka ambayo hata kuihesabu mtu anachoka. Sijui inakotoka. Huku chini haipo."

Inspekta aliitazama tena. Kitu kidogo kiasi hicho kilikuwa kimemwangusha Nyati kutoka mawinguni.

* * *

Mke wa marehemu alimpokea sebuleni, kanga imekazwa kifuani, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia yote.

"Dada, mume wangu hakuwa mzembe. Kila asubuhi alikuwa akiyazunguka matairi yake kama mfugaji anayewasalimia ng'ombe zizini. Anaweka geji ya kupimia upepo, anapapasa, anasikiliza. Chai ipoe, isipoe, kwanza matairi."

"Na asubuhi ile?"

"Asubuhi ile gari lilikuwa limelala gereji kwa kaka yake. Aliondokea huko."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Uwanda wa Juu. Kulikuwa na mashindano ya magari, msafara mkubwa, yeye ndiye kiongozi wa njia. Alikwenda kuweka alama za mahali watakapopita." Alikaza tena kanga yake. "Ndiyo maana alinunua yale matairi. Shemeji hakuyataka."

"Kwa nini?"

"Sijui, dada. Shemeji ni fundi, ndiye aliyemlea mume wangu tangu baba yao afariki, ndiye aliyemfundisha gari. Hawajawahi kukosana. Lakini kwa yale matairi walizozana mpaka majirani wakachungulia. Mimi nikasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nikaenda zangu jikoni." Alitikisa kichwa. "Nani anagombania tairi?"

Inspekta alitoka akilitafuna swali lilelile.

* * *

Gereji ilinukia raba na mafuta. Fundi alikuwa mtu mrefu, mvi zimeanza kandokando ya masikio, mikono mipana yenye weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alimvutia Inspekta kiti, akakipangusa kwa kitambaa safi.

"Pole kwa msiba, Fundi."

"Nimeshapoa, mama. Karibu."

"Wewe ndiye uliyemfungia marehemu matairi mapya?"

"Mimi."

"Ulimshauri ayanunue?"

"Hapana. Nilimwambia abaki na yale ya zamani." Alionyesha kwa kidevu matairi manne yaliyoegemezwa ukutani. "Tairi la meno makubwa ni la matope. Huko juu hakuna matope, ardhi ni kavu. Meno yale yanachimba, yanang'oa. Nilimwambia avae membamba, meno madogo, apunguze upepo, apite polepole kama mgeni."

"Akakataa."

"Alisema watu wa mashindano watamcheka."

"Asubuhi ile mlionana?"

"Tulionana."

"Alikagua matairi?"

Fundi aliokota spana, akairudisha palepale. "Sikumbuki."

Inspekta aliinuka akayaendea matairi ya zamani. Yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa; katikati ya meno yake hapakuwa na hata chembe ya udongo. Ajabu. Nani huyasugua matairi yaliyokwisha kuvuliwa?

Kwenye rafu, kati ya makopo ya nati na pini za vali, kulikuwa na bakuli la kioo lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Katika gereji nzima, ndicho kitu pekee kisichokuwa na doa la mafuta. Alikifunua kitambaa.

Ndani kulikuwa na vipande vya jiwe la kijivu. Vidogo, vimepangwa, vimefutwa vumbi.

"Hivi ni nini, Fundi?"

Fundi alisogea, akalivuta bakuli karibu naye.

"Umevitoa kwenye meno ya matairi haya?"

"Kwa bisibisi," alisema Fundi taratibu. "Kimoja kimoja."

"Kwa nini?"

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza machoni. "Nikikuambia hutanielewa, mama. Nipe nafasi nikuonyeshe."

* * *

Walipanda asubuhi iliyofuata kwa gari la polisi, Koplo kwenye usukani, Fundi kiti cha nyuma pamoja na Inspekta. Chini ya Ngazi Fundi aliomba wasimame, akamwelekeza Koplo apunguze upepo kidogo ili matairi yaukumbatie mwamba. Koplo alitii. Kisha akapanda huku akiomba dua kwa sauti, na kila kona aliongeza dua nyingine.

"Huyu akimaliza dua zake tutarudi mwanzo," Inspekta alinong'ona, lakini naye alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

Mawingu yaliwapokea, yakawafunga, yakawafungua. Wakatokea juu.

Uwanda ulikuwa wa kijivu, tambarare, mpana mpaka jicho likakata tamaa. Hapakuwa na mti wala nyumba. Anga lilikuwa limeshuka karibu kiasi kwamba Inspekta alijikuta ameinamisha kichwa, kama mtu aingiaye chumba cha mgonjwa.

"Gari liishie hapa," Fundi alisema. "Na viatu, tafadhali."

Walivua. Wakatembea nyuma yake juu ya jiwe lenye baridi ya asubuhi, mpaka aliposimama na kuelekeza kidole chini.

Kwanza Inspekta hakuona kitu. Kisha jua likachomoza upande, vivuli vikalala, akaona.

Nyayo.

Nyayo za miguu ya watu, zimezama kwenye jiwe. Kisigino, upinde wa wayo, vidole vitano, dole gumba limejitenga kama lako na langu. Mtu mzima alikuwa amepita hapa majivu yakiwa bado laini, akaenda zake, majivu yakakauka, dunia ikazeeka. Kando yake, karibu sana, zilikwenda nyayo nyingine ndogo. Hatua mbili ndogo kwa kila hatua moja kubwa.

"Mtoto," Inspekta alinong'ona.

"Kashikwa mkono," Fundi alisema. "Tazama hapa. Kajikwaa, na hakuanguka. Kuna aliyemvuta."

Inspekta alipiga magoti. Alikuwa ameona maiti nyingi kazini, na damu, na unyama usiosimulika, na siku zote macho yake yalibaki makavu. Sasa machozi yalimtoka bila hata kuyasikia yakija. Alitaka kukigusa kidole kidogo cha mguu ule, mkono ukakataa.

"Nilifika hapa nikiwa kijana, gari limeniharibikia, natafuta maji," Fundi alisema. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikija peke yangu, nakaa tu. Mdogo wangu alipokua, nikaona si haki nife na hili moyoni. Nikamleta."

"Alisemaje?"

"Alilia, kama wewe. Wiki chache baadaye akawaambia watu wa mashindano amegundua uwanja ambao haujawahi kukanyagwa." Alitembea mbele kidogo. "Akaja kuupima na yale matairi ya zamani. Njoo uone."

Nyayo ziliendelea, kubwa na ndogo, kubwa na ndogo. Kisha mfereji wa tairi ukazikata. Jiwe lilikuwa limevunjika kama biskuti. Baada ya mfereji huo, nyayo za mtu mzima ziliendelea peke yake. Za mtoto hazikuonekana tena.

Koplo, ambaye siku zote alikuwa na neno, alivua kofia.

"Fundi," Inspekta alisema, akiinuka. "Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani kama ushahidi dhidi yako."

"Najua, mama. Nimechoka kunyamaza."

"Uliiweka punje kwenye kifuniko?"

"Niliiweka."

"Ulitaka afe?"

"La!" Sauti ilipaa, ikapotea kwenye ule upana. "Nilitaka tairi liishe upepo kwenye tambarare, kabla ya Ngazi. Akwame, arudi, tugombane tena. Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, najua upepo unatoka kwa kasi gani. Lakini nilipima kwa mazoea ya tairi la zamani. Lile jipya tumbo lake kubwa, halikuisha upepo mapema. Na ubavu wake mgumu, halilegei haraka, dereva hasikii kitu kwenye usukani. Likamfikisha kwenye kona, ndipo likavuka rimu."

"Mke wake anasema hakuwa akiondoka bila kukagua matairi."

Fundi alifumba macho.

"Alitoa geji asubuhi ile?"

"Aliitoa."

"Ikawaje?"

"Akaniuliza, 'Kaka, umeshakagua?'" Alikitazama kiganja chake. "Nikamwambia nimekagua. Akairudisha geji mfukoni. Akasema, 'Basi sina wasiwasi.'"

Upepo ulivuma chini chini juu ya uwanda. Fundi alikaa chini, pembeni mwa mfereji wa tairi, akaweka mikono ile mipana juu ya magoti.

"Watu hawa hawakuwa na wa kuwasemea," alisema. "Mkubwa na mdogo, wamefika mpaka kwetu bila kufutika, halafu damu yangu mwenyewe ije iwasage kwa mchezo. Nilimwomba. Nilimpigia magoti, mimi mkubwa. Akacheka. Wewe, mama, umeona kwa macho yako. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Inspekta alitazama nyayo mpaka zilipoishia kuonekana. Alijibu polepole.

"Ningelala chini mbele ya gari lake."

Fundi aliinua uso.

"Ngazi ni nyembamba, Fundi. Ungelala pale katikati. Alikuwa ndugu yako, umemlea mwenyewe. Asingekukanyaga."

Fundi aligeuka, akatazama upande ule ambako barabara ilipanda kutoka mawinguni. Halafu, bila kuambiwa, alimnyooshea Koplo mikono yote miwili.