Sponji la Kileleni

Kila Jumamosi, jua likiwa bado pole, watoto wa kijiji cha Kampung Kuala Serai, penye mlango wa mto, hukokota mashua zao za mashindano kutoka bandani hadi ukingoni mwa maji. Jumamosi moja Izzati, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekwisha kula wali wake wa nazi na dagaa. Vidole vyake bado vilinukia pilipili alipokuwa akifunga usukani. Nahodha wake alikuwa binamu yake Wardina, aliyemzidi miaka miwili. Kwa kawaida wawili hao walipiga soga tangu bandani hadi majini. Siku hiyo hawakusemezana.

Mashua za pale zilikuwa pacha. Kila moja ilikuwa nyepesi, ya plastiki, yenye hewa ndani ya kuta zake, na nyuma pakiwa wazi ili maji yaingiayo yatoke yenyewe. Katikati palichomekwa ubao uliozuia upepo usiisukume kando. Sakafuni kulikuwa na mikanda ya kuingizia miguu, ili mabaharia waning'inie nje upepo unapotaka kuilaza. Kwa kuwa zote zilifanana, mshindi alishinda kwa akili na mikono yake.

Kileleni mwa kila tanga kulikuwa na mfuko mdogo ulioshonwa, na ndani yake sponji gumu lisilonyonya maji. Mashua ikilala majini, sponji hilo huelea na kuuzuia mlingoti usizame. Siku hiyo mfuko wa tanga lao ulikuwa mtupu, na Izzati alijua.

Jioni iliyotangulia alimkuta Wardina bandani, wembe mkononi, akifumua mshono.

"Dada Wardina! Unafanya nini?"

"Shh! Hili dude linalemeza tanga, linatupunguzia mwendo. Ndiyo maana Faizul na mashua yake wanatupita kila mara."

"Na yeye si analo?"

"Shauri yake. Kesho wanachagua wa kwenda mashindano ya jimbo. Unataka kwenda, hutaki?"

"Nataka. Lakini tukipinduka?"

"Nani apinduke? Mimi?" Wardina alisukuma sponji nyuma ya makasia ya zamani. "Niapie hutasema. La sivyo namchukua Yasmin awe msaidizi wangu."

Izzati akaapa. Usiku kucha alijihisi kama panya aliyeingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Akisema, amempoteza dada. Asiposema, amemdanganya mwalimu wao wa mashua.

Sasa, asubuhi, Mwalimu Rohaizad alipita mashua hadi mashua akikagua. Alikuwa na desturi yake: hakumuuliza nahodha, alimuuliza msaidizi. "Nahodha anatazama ushindi," alizoea kusema. "Msaidizi anaitazama mashua." Akasimama mbele ya Izzati.

"Kila kitu kipo, binti?"

Izzati alimtazama Wardina. Wardina alikuwa akikaza kamba iliyokwisha kukazwa.

"Kipo, Mwalimu."

"Mbona umenywea hivyo? Hujala?"

"Nimekula."

"Haya, ingieni majini."

Upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa yakipwa. Walibisha, wakikata upepo huku na huku, kuelekea boya la kwanza, miguu mikandani, migongo ikichapwa na mawimbi. Kweli waliongoza! Faizul, aliyezoea kuwatania kila alipowapita, alikuwa nyuma yao. "Unaona?" Wardina alipiga kelele. "Nilikwambia!" Izzati alijaribu kufurahi, akashindwa.

Walipokuwa wakigeuza kwenye boya, dhoruba fupi ya upepo ikawakuta tanga likiwa limekazwa. Mashua ikalala ubavu. Ilipaswa kutulia hapo, tanga likielea juu ya maji. Haikutulia. Mlingoti ulizama taratibu, mashua ikageuka chini juu, na ncha ya mlingoti ikajichoma katika tope la mlango wa mto.

Izzati alijikuta gizani. Kichwa chake kilikuwa ndani ya nafasi ndogo ya hewa chini ya mashua, maji yakimfika kidevuni. Alijaribu kupiga mbizi atoke, akavutwa nyuma. Mkanda ulikuwa umejizungusha kwenye kifundo cha mguu wake. Alivuta, ukazidi kubana. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Nje alisikia sauti. Faizul alikuwa ameacha mbio na kuja kusaidia.

"Izzati yuko wapi?"

"Yuko chini! Ananijibu nikigonga!" Wardina alikuwa akilia.

"Sponji lenu lipo?"

Kisha Izzati akaisikia sauti ya dada yake, nyembamba: "Lipo."

"Basi mlingoti hauwezi kuwa topeni. Panda kwenye ubao, tuvute pamoja. Moja, mbili!"

Mashua ikatikisika lakini haikuinuka. Mkanda ulimbana Izzati hadi akapiga yowe, na maji yakampanda mdomoni. Wangevuta mara ya pili, asingebaki na pa kupumulia. Aliinua pua na kugonga plastiki kwa ngumi.

"Msivute! Sponji halipo! Tulilitoa! Mlingoti uko topeni, na mguu wangu umenaswa!"

Mvutano ukakoma. Faizul akapuliza filimbi yake kwa nguvu zote. Izzati alisikia injini ya boti ikikaribia, kisha kishindo cha mtu kujitupa majini, na kichwa cha Mwalimu Rohaizad kikaibuka kando yake.

"Hodi hapa," alisema akihema. "Umepanga chumba bila kuniambia?"

Izzati alicheka na kulia pamoja. Mwalimu alizama na kisu, mkanda ukakatika, akamshika mkono wakatoka nje, penye mwanga na upepo.

Ufukweni, Wardina alimfunga Izzati taulo, kisha akamgeukia Mwalimu. "Mimi ndiye niliyelitoa, Mwalimu. Nikamwapisha asiseme. Halafu nikamdanganya Faizul kwa kuona aibu. Ningemuua mdogo wangu."

"Na mimi nilisema kipo," Izzati akaongeza.

Faizul, aliyekuwa amepoteza nafasi yake ya jimbo kwa ajili yao, hakuwatania. Alimpa Izzati chai yake ya maziwa, akaenda kukunja tanga.

Mwalimu aliketi mchangani mbele yao. "Jimboni hamwendi. Wardina, sponji utalishona kwa mkono wako, na kila Jumamosi mtaipindua mashua yenu mbele ya wadogo, waone kazi yake." Akamgeukia Izzati. "Na wewe, sikiliza vizuri. Ahadi ya kuficha hatari si ahadi. Anayekupenda hakuapishi unyamaze wakati roho ya mtu iko hatarini, na ukiapishwa, vunja kiapo hicho bila kuona haya. Leo ulikivunja maji yakiwa mdomoni. Siku nyingine, kivunje ukiwa bado nchi kavu."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alisimama tena mbele ya mashua yao.

"Kila kitu kipo, binti?"

Izzati hakumtazama Wardina. Alilivuta tanga, lililokuwa bado halijapandishwa, akaubonyeza mfuko wa kileleni kwa vidole vyote vitano, akahisi sponji likimsukuma.

"Kipo, Mwalimu."