Hewa ya Wizi

Pikipiki ilibisha hodi saa sita mchana, jua likiwa utosini, na kosa la fundi ni kwamba aliitika.

Ngo, ngo, ngo. Alikuwa ameinamia kabureta, bisibisi kaibana kwa meno, mikono imejaa oili. Sasa wewe niambie, mtu mwenye adabu zake akibishiwa hodi anajibu nini? Aliitema bisibisi akasema, "Karibu!" bila hata kuinua kichwa.

Hakuingia mtu. Mlango wa gereji ulikuwa wazi tangu asubuhi, umewekewa tofali usijifunge, na uani palikuwa na kuku wawili tu wakiparua mchanga. Akacheka peke yake. Wateja walimwita Mama Gasketi, na Mama Gasketi hakuwa mwanamke wa kukimbizwa na mlio wa chuma.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya baba yake. Si ya abiria wala ya mizigo. Ilikuwa ya mashindano ya kupanda mawe, nyembamba, haina hata kiti cha maana kwa sababu mpandaji husimama. Injini yake ilikuwa ya zile za zamani, za kuchanganya petroli na oili kwenye tangi moja. Ujanani mzee aliipandisha majabali mpaka watu wakampa jina la Beberu, na ole wake aliyedhani ni tusi la siasa. Sasa Beberu alishinda kitini chumba cha pili, ukuta mmoja na gereji, kifua kimechoka, dada yake akimpaka dawa ya mafua kutwa mara tatu. Miezi minne sauti yake haikuvuka kizingiti. Alichoomba ni kimoja tu: aisikie ikinguruma kabla hajafa.

"Utaisikia, Baba," bintiye alimwambia. "Na hufi."

Alipomaliza kabureta akapiga kiki. Ikawaka kiki ya kwanza.

Hapo ndipo angeshtuka. Injini iliyolala miaka ishirini na sita haiwaki kiki ya kwanza. Hata mtu aliyesinzia baada ya kula huamshwa mara mbili. Mlio ukapanda wenyewe, juu, juu zaidi, na mkono wake haujagusa mshiko wa mafuta. Akazima swichi. Ikaendelea. Akafunga bomba la petroli, ikanyonya tone la mwisho, ndipo ikanyamaza shingo upande.

"Hewa ya wizi," akajisemea. Ndivyo mafundi wanavyoiita hewa inayoingia injini pasipo njia yake, kwenye gasketi iliyochoka au sili iliyopasuka, na injini ikishaionja hukimbia haishikiki. Ugonjwa ule aliujua tangu utoto. Akanawa mikono akaenda kula.

Siku ya pili alibadili gasketi zote na sili za pande zote mbili. Akapaka povu la sabuni kwenye kila maungio, atafute tundu. Povu likatulia tuli. Hakuna hata tundu la sindano! Akawasha. Mlio ukapanda vilevile, moshi ukamjia usoni, naye akakunja pua. Moshi wa injini ile unajulikana, hunuka oili iliyoungua. Huu ulinuka dawa ya mafua.

"Zima!" Shangazi alikuwa mlangoni, kopo la dawa mkononi. "Zima, mwanangu, kaka hapumui!"

Fundi alifunga petroli akakimbia. Baba yake alikuwa amekodoa macho, kifua kimebonyea, midomo ina rangi ya majivu. Injini ilipokata upande wa pili wa ukuta, ndipo kifua kilipoinuka.

Wanawake wale wawili wakatazamana. Shangazi akamvuta pembeni, akanong'ona, "Jana nilikusikia unasema karibu. Ulimkaribisha nani?"

"Kuna mtu aligonga."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi, shangazi."

"Sasa aligonga nini?"

Fundi aligeuka akautazama ukuta wa gereji. Siku nzima alikuwa anatafuta tundu kwenye chuma, kumbe aliyekuwa anaibiwa hewa ni baba yake.

Alirudi gereji, akamwaga petroli yote, akachomoa waya wa plagi akautia mfukoni. Isiyo na mafuta wala moto itawaka na nini? Alijiuliza hivyo kwa sauti kubwa, ajipe moyo.

Siku ya tatu, saa sita kamili, walikuwa wamekaa na mzee wote wawili. Upande wa pili wa ukuta ikawaka.

"Yarabi!" Shangazi alishika kichwa. "Nikamwite mganga?"

"Mpaka mganga avae viatu, Baba yuko wapi?"

Mzee aliushika mkono wa bintiye. Alikuwa anavuta pumzi na pumzi haiji. "Mgeni... siku mbili," akasema, na sauti ikamkatikia hapo.

"Ya tatu mpe jembe," bintiye akamalizia. Na hapo, badala ya woga, zikampanda hasira. Hasira hasa! Mtu umemwitikia kwa adabu, umemwachia mlango, halafu anakuibia baba?

Gereji nzima ilinuka dawa ya mafua. Pikipiki ilikuwa inatetemeka juu ya stendi, tangi kavu, waya wa plagi bado uko mfukoni mwake. Aliishusha, akaisukuma mpaka gurudumu la mbele likaukaba ukuta, akatia gia ya juu kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zote. "Umeshinda siku mbili, leo utalima!" Akaachia klachi.

Injini yoyote ingekufa palepale, lakini ile iliguna, ikashuka, ikapanda tena, na kutoka chumba cha pili akamsikia shangazi akimwita kaka yake kwa jina lake la utotoni, jina ambalo huitwa mtu anayeondoka, basi fundi akaung'oa mpira wa kichujio cha hewa, akakibandika kiganja chake kwenye mdomo wa kabureta, pale hewa inapoingilia, akasikia pale penye chuma kitupu midomo, na nyuma ya midomo meno, na meno yakamuuma mpaka kwenye mfupa, naye hakuutoa mkono, alilia kwa maumivu na hakuutoa, akasema huku machozi yanamtiririka, "Aliyekukaribisha ni mimi! Anayekutoa ni mimi! Hewa ya baba yangu iache hapahapa!"

Injini ikapiga kishindo, ikageuka. Wanaozijua injini hizi wanajua zinaweza kugeuka zikazunguka kinyumenyume, na kilichokuwa kinavuta kikaanza kupuliza. Upepo wa baridi ukapita katikati ya vidole vyake, ukazunguka gereji, ukaingia ndani. Kisha kimya.

Chumba cha pili, Beberu alivuta pumzi moja ndefu mpaka kiti kikalia.

Baada ya wiki, kiganja kimefungwa kitambaa, fundi aliirudishia pikipiki waya na petroli. Shangazi alisema hiyo ni kutafuta balaa. "Balaa lilinitafuta likanikuta nyumbani," fundi akamjibu. "Nimemwahidi baba yangu, na sitanyang'anywa ahadi yangu na mwizi." Wakamleta mzee gerejini na kiti chake. Ikawaka kiki ya kumi na tatu, baada ya matusi, kama kikongwe chochote cha chuma. Moshi ukanuka oili iliyoungua. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilikuwa chake mwenyewe. Fundi akazima swichi, ikazima.

Ngo, ngo, ngo.

Mlango ulikuwa wazi. Mazoea yana taabu. Shangazi alishafungua mdomo. "Ka—" Fundi akauziba kwa kiganja kilekile chenye alama za meno.

Lakini Beberu alishajaza kifua. Miezi minne hakuwahi kupaza sauti, na siku ile hata kuku wa uani walitimka.

"Tumejaa!" akanguruma. "Hapa tumejaa!"