Mkono Uliofumbwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bibie alimsaidia baba yake, Makame, kufungua duka lao la nguo mjini Mbeya. Alifagia, akapanga kanga mezani, kisha akasimama karibu na mlango.

"Usitazame nyuso za watu," baba yake alizoea kumwambia. "Uso wa mwizi unaweza kucheka tu. Tazama mikono."

Basi Bibie alitazama mikono, na alikuwa hodari wa kazi hiyo kupita kiasi. Hata shuleni aliwatazama wenzake mikono, mpaka wakambandika jina la Askari. Yeye alidhani wanamsifu.

Mwaka 1954, shule zilipofungwa, Makame alimchukua kwenda Iringa kumtembelea rafiki yake Silvester, dereva wa lori aliyekuwa jirani yao kabla ya kuhamia Kihesa, kando ya mji huo. Wangekaa siku mbili, wautembelee mji uliojengwa na Wajerumani, kisha warudi nyumbani. Mama alimvisha Bibie bangili yake ya fedha, aliyoachiwa na marehemu bibi yake wa Pangani.

"Sina kumbukumbu nyingine ya bibi," alisema mama. "Irudi kama ilivyokwenda."

Kihesa walipokelewa kwa furaha. Tusekile, mke aliyeolewa na Silvester baada ya kuhama, alikuwa mchangamfu, na ugali wake ulikuwa laini. Lakini jioni mtu alikohoa uani. Tusekile aliangusha mwiko, akajifunika kanga kichwani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Aliyeingia alikuwa Mzee Yotamu, baba yake Silvester, aliyekuja kutoka Tukuyu na kufikia kwa jirani. Muda wote alioketi pale, Tusekile hakuonekana. Silvester ndiye aliyepakua chakula, na Makame alikula kama kwamba hakuna jambo.

"Mtu mwema humkimbia mzee kwa nini?" Bibie alijiuliza. "Huyu ana jambo." Hakumwuliza baba yake wala mtu mwingine. Alianza tu kumchunguza Tusekile mikono.

Siku ya kuondoka, Silvester aliitwa kazini alfajiri. Bibie alitawadha kwenye jiwe la uani, akasali na baba yake, wakanywa chai. Kisha Mzee Yotamu akaja kuwachukua. Wangetembea mjini asubuhi, na adhuhuri wapande basi la Mbeya. Makame alibeba mkoba wao, na Tusekile aliwaaga kwa sauti ndogo akiwa nyuma ya mlango.

Mzee Yotamu aliijua Iringa vizuri. Walipofika kwenye Boma, alipigapiga ukuta kwa fimbo yake.

"Mawe haya, mwanangu, niliyabeba kichwani nikiwa kijana. Mjerumani alikuwa hataki jiwe dogo. Alijenga kuta nene namna hii, ungedhani atakaa milele. Haya, mtafute sasa!"

Bibie alicheka, akanyoosha mkono kuugusa ukuta. Mkono ulikuwa mtupu. Bangili haikuwapo.

Mama angemwambia nini? Aligeuka kutazama njia waliyoijia, na pale kwenye kona ya ukuta akamwona Tusekile. Kanga ilikuwa kichwani, na mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa. Mzee Yotamu alipogeuka naye, Tusekile alirudi nyuma ya ukuta upesi.

"Baba..." Bibie alianza.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna."

Alitaka kumkamata mwizi mwenyewe. Jina la Askari lilikuwa limemkaa kichwani.

Wakaenda sokoni, Tusekile nyuma yao. Walipotazama nguzo za soko, alijificha nyuma ya magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Walipogeuka, aliinama. Walipoendelea, aliwafuata. Bibie hakujiuliza hata mara moja kwa nini mwizi amfuate mtu aliyemwibia. Kisha Tusekile aliinua mkono kama anayetaka kumwita, na kati ya vidole vyake kitu cheupe kikang'aa juani.

"Mwizi!" Bibie alipiga kelele. "Ameiba bangili ya mama! Mkamateni!"

Neno hilo sokoni halisemwi mara mbili. Mchukuzi mmoja alimshika Tusekile mkono. Mama mmoja muuza maharage alimvuta kanga. Kufumba na kufumbua, watu walimzunguka, na mmoja alikwisha kuokota fimbo. Tusekile hakujitetea. Alipomwona Mzee Yotamu akija, alipiga magoti vumbini na kuuficha uso wake.

"Mnaona?" mtu akasema. "Aibu inamshinda!"

"Mwacheni!" Makame alipenya katikati ya watu. "Mwacheni, nasema! Huyu ni mwenyeji wetu!"

Hapo Mzee Yotamu alifanya jambo ambalo Bibie hakulisahau. Alivua koti lake, akajifunika kichwa kizima, akageukia ukuta wa soko.

"Makame," aliita kutoka ndani ya koti, "mwambie mkwe wangu azungumze. Mimi sipo hapa."

Aliyeokota fimbo akaishusha. Tusekile aliinuka polepole, machozi yakimtiririka, akafungua kiganja. Bangili ilikuwa imemwachia alama kwa jinsi alivyoishika.

"Uliisahau kwenye jiwe, mdogo wangu, ulipotawadha," alinong'ona. "Niliiona mmekwisha kuondoka. Nikasema basi litawachukua, na mama yako atalia. Nikawafuata."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningeitaje, naye yuko nanyi? Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hapazi sauti mbele yake. Nilingoja akae mbali kidogo. Hakukaa. Na ningempa nani? Mali ya watu hiyo."

Mchukuzi aliuachia mkono wake kwa haraka, akaenda zake bila kuaga. Yule mama wa maharage alimfuta Tusekile vumbi magotini.

Bibie alitamani ardhi ipasuke. Alipiga magoti palepale alipopiga Tusekile.

"Dada Tusekile, nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe."

Tusekile alimwinua, akamvisha bangili mwenyewe. "Nimekusamehe. Lakini ungeniumiza, mdogo wangu. Umeiona ile fimbo?"

Bibie aliiona. Alilia njia nzima mpaka kituoni. Mzee Yotamu alibaki ameukabili ukuta, koti kichwani, mpaka alipoambiwa kwamba mkwewe amekwisha kwenda.

Ndani ya basi Makame aliuweka mkoba miguuni. Kisha akamshika binti yake mkono wenye bangili.

"Kosa lako nina sehemu ndani yake," alisema. "Dukani nilikufundisha kutazama mikono ya watu. Sikukufundisha kwamba mkono uliofumbwa huenda umekushikia kitu chako. Ungeniuliza jioni ile kwa nini Tusekile alikimbia, ningekueleza, maana Mbeya nimekaa na Wanyakyusa miaka mingi. Kuuliza si ujinga, Bibie. Lakini kumwita mtu mwizi kabla ya kuuliza, huo ndio ujinga, na unaweza kuua."

"Ndiyo, baba," alisema Bibie.

Akaifumbata bangili kwa kiganja chake, na hakukifumbua mpaka Mbeya.