Vigelegele Juu ya Paa

Rabih Shalhub alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko, aproni bado imefungwa fundo zuri mgongoni. Kando yake kulikuwa na mchi wa mti, na juu ya meza kinu cha jiwe chenye mchi wake na vitunguu saumu vilivyopondwa nusu. Harufu ya saumu ilikuwa kali kuliko ya damu.

Inspekta Ghassan Murr alichuchumaa, magoti yakalia kama bawaba kavu. Alikuwa karibu kustaafu, na kila asubuhi alimwomba Mungu ampe maiti wa kawaida, mke kamuua mume au mume kamuua mke, mambo ya watu wanaoheshimika. Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

"Kapigwa mara moja, kwa nyuma," alisema daktari wa polisi. "Fuvu limepasuka. Hakupata hata nafasi ya kugeuka."

"Alama za vidole?"

"Kwenye mchi zimefutwa. Kwingineko chagua mwenyewe. Jana jiko hili lilipitwa na watu kama soko."

Nje ya jiko, juu ya paa la jengo lile la Beirut, meza ndefu zilikuwa zimebaki kama zilivyoachwa. Saladi ya tabule ilikuwa imenyauka, kibe za nyama zimekauka, glasi za araki zimejaa nzi walevi. Viti vilikuwa chali. Sajini Tannus aliokota kiatu kimoja chekundu cha kisigino kirefu, akakipima na buti lake, akakuta kimemshinda.

"Dada huyu ana mguu," alisema.

Ilikuwa karamu ya kuchangisha fedha. Mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia na ndugu zao wachache wenye moyo walikutana kula, kuimba na kutia chochote kapuni, ili wapatikane mawakili wa kuwatetea wanaokamatwa na kudai sheria iwatazame kama watu wengine. Kapu lilikuwepo bado mezani, limejaa, limefunikwa kitambaa. Kwa hiyo muuaji hakuwa mwizi. Kanali alipopigiwa simu aliagiza kapu lichukuliwe kama kielelezo, na Ghassan hakuwa amewahi kukiona kielelezo cha namna hiyo kikirudi kwa mwenyewe.

Wageni wote walikuwa wametoroka. Maiti alipoonekana, walishuka ngazi kama maji, maana watu wa karamu ile wanamwogopa polisi kuliko muuaji. Muuaji humuua mtu mmoja akaenda zake.

Mmoja tu alibaki. Faris Tuma, mshonaji wa magauni ya maharusi, ndiye aliyepiga simu polisi. Walimkuta ameketi sakafuni, ameikumbatia miguu ya marehemu. Wakamshukuru kwa kumtia pingu.

Kanali hakuzunguka. Alimwambia Ghassan kwamba hao wana wivu kuliko paka, mmoja kamuua mwenzake, na kesho jalada lifike kwa mwendesha mashtaka likiwa na jina la Faris. Kama Inspekta ana jina lingine, alilete kabla ya hapo. Kama hana, asisumbue watu.

Ghassan akamhoji Faris kituoni.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mume wangu. Sheria haimjui, lakini mimi ninamjua."

Ghassan aliandika. Ni kazi yake kuandika.

"Ulikuwa wapi alipopigwa?"

"Mezani. Umeme wa serikali ulikatika, jenereta ikachelewa kidogo kuwaka. Unajua ilivyo, afande."

Ghassan alijua. Beirut mtu haachi kutafuna kwa sababu ya giza. Walikuwa wameendelea kuimba.

"Nani alikaa karibu nawe?"

"Watu."

"Wana majina?"

"Nikikutajia mmoja, kesho hana kazi. Keshokutwa hana nyumba."

"Na wewe keshokutwa huna maisha. Unanielewa? Wanataka kukufunga wewe."

"Nimekuelewa, afande."

Ghassan alikumbuka kiti kimoja mwanzoni mwa meza. Vingine vyote vilikuwa vitupu. Kile kilikuwa na mto wa kukalia na mwingine wa mgongo.

"Kiti chenye mito alikalia nani?"

Faris aliutazama ukuta. "Simkumbuki."

Kwa uongo alikuwa hana kipaji kabisa. Ghassan alimwonea huruma, akamwambia Tannus ampe maji.

Akarudi kwenye lile jengo, akagonga mlango wa chini ya paa. Madamu Odette aliyeishi hapo alikuwa kiziwi kila alipodaiwa kodi, ila mambo ya jirani aliyasikia mpaka pumzi. Alimkaribisha Ghassan, akamwita kijana, jambo ambalo halikuwa limempata miaka mingi. Akaeleza kwamba wale wa juu hawakumsumbua, maana walimshushia sahani ya majani ya mizabibu yaliyojazwa wali, tena yamefungwa vizuri, si kama anavyofunga mkwewe. Kelele za muziki zilikuwa za kawaida. Jambo moja tu lilimtoa kitandani.

"Vigelegele," alisema. "Vya mama mtu mzima, wa milimani. Alianza na maneno ya kumsifu bwana harusi, mstari kwa mstari, ndipo akapiga. Wasichana wa hapa mjini wakipiga vigelegele utadhani kidole kimebanwa na mlango. Yule alikuwa fundi."

"Ilikuwa kabla ya giza au baada?"

"Kabla kidogo. Nilikuwa nasubiri apige tena, umeme ukakatika. Hakupiga tena."

Ilibaki kazi ambayo hakuna polisi anayeipenda, kuwapelekea ndugu habari. Walipanda hadi Ain Sindyan, kijiji cha matufaha. Rabih alikuwa hajakanyaga huko tangu alipoondoka na begi moja. Kaka yake, Mansur, aliwapokea getini na mkasi wa kupogolea mkononi. Alikuwa mwanamume mpana, mpole wa sura, shati lake limepigwa pasi na mama yake. Aliwakaribisha sebuleni bila kuuliza wamefuata nini.

Habari ya kifo haitolewi mtu amesimama. Mama Mansur, mjane mdogo wa umbo, alileta kahawa, akamimina, akakaa. Ghassan akanywa, Tannus akanywa, ndipo Ghassan akasema kwamba Rabih ameuawa. Mama alipiga yowe, lakini lilichelewa kidogo, kama mtu aliyekumbuka zamu yake. Mansur aliinamisha kichwa. Hakuuliza wapi, wala hakuuliza vipi.

Ghassan aliliona hilo. Hata hivyo, wapo wanaopigwa na bumbuwazi. Akawapa pole, wakaondoka.

Wakiwa kwenye kona za kushuka mlima, Tannus akaanza kulalamika. Nyumba ina shamba lote lile, sukari wanaikosaje? Watu wengine wanakuuliza unataka tamu au ya kiasi, hawa wamemmiminia tu.

"Nimekunywa kahawa ya matanga, afande. Mpaka sasa ulimi umekunjamana."

Ghassan akakanyaga breki. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi na kumtaja mama yake.

"Hebu sema tena."

"Kahawa ya matanga. Chungu, haina hata punje..."

Katika nchi ile hakuna anayempa mgeni kahawa isiyo na sukari bila kumuuliza, ila nyumba iliyofiwa. Na wao walikuwa bado hawajafungua mdomo.

Aligeuza gari.

Walimkuta Mama Mansur jikoni anaosha vikombe. Ghassan alivuta kigoda akakaa, ili asimzidi urefu.

"Mama, ile kahawa uliipika kabla sijakwambia neno."

Mama aliitazama mikono yake ndani ya maji, kama mikono ya mtu mwingine iliyomsaliti.

"Mkono umezeeka," alisema. "Unafanya unachokijua."

"Jana usiku ulikuwa Beirut. Ulikalia kiti chenye mito. Ulimpigia Rabih vigelegele."

Mama akatoa kikombe majini, akakifuta.

"Nani alikwambia amekufa?"

"Nilikuwa na wawili, mwanangu." Alisema taratibu, bila machozi. "Mmoja amekwenda. Unataka wa pili nikupe kwa mkono wangu?"

"Yupo mtu mwingine rumande kwa ajili ya jambo hili. Faris. Kesho anafunguliwa mashtaka ya kuua."

Mama akachukua kikombe kingine, akakiosha. Kilikuwa safi tayari.

"Mwache mama," Mansur alisema kutoka mlangoni. Mkasi alikuwa ameuacha nje. "Niulize mimi."

"Ulikwenda kufanya nini kule?"

"Kumchukua mama. Aliniambia nimpeleke kwa binamu yake, nikampeleka. Nikarudi mapema, nikangoja mtaani ndani ya gari. Nikamsikia yuko juu ya paa la jengo jingine."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Nisiijue sauti ya mama yangu?" Aliegemea mlango. "Vile vigelegele vilikuwa vyangu, afande. Tangu nina ndevu changa alikuwa akiniambia, siku yako Mansur, nitapiga mpaka mlima ujibu. Sikuoa. Nani angemgeuza baba kitandani alipopooza? Nani angebaki na mama? Msichana niliyemtaka alichoka kungoja, sasa ana wajukuu. Rabih alifunga begi akaenda zake. Halafu akapiga simu moja, mama, njoo ule na watu wangu. Mama akaenda. Akamwimbia yeye, na yule mshona magauni wake."

"Kwa hiyo si kwa sababu alikuwa shoga?"

"Hilo nilishalizoea. Kijijini nilisema yuko Kanada."

Tannus alikohoa akatazama dirishani.

"Endelea."

"Nilipanda kwa ngazi za nyuma, nikatokea jikoni. Alikuwa peke yake, anaponda saumu. Aliponiona alicheka. Si kunicheka, alifurahi. Akasema, karibu kaka, kuna kiti chako, mama atasema nini akikuona. Akanipa mgongo amalizie kazi. Mchi mwingine ulikuwa hapo mezani. Taa zikazima." Akafungua kiganja chake, akakifunga. "Zilipowaka nilikuwa nimeshaufuta na shati."

"Na mama?"

"Nilishuka nikangoja. Watu walipoanza kukimbia, yule Faris alimshika mkono, akamshusha ngazi zote mpaka kwenye gari langu. Akatufungia hata mlango. Akaniambia, umfikishe salama. Njiani nikamwambia mama. Nisingeweza kuendesha mpaka huku na neno lile mdomoni."

Nyuma yao vikombe vilikuwa vimenyamaza.

Walimteremsha Mansur siku ile ile. Ghassan alikwenda kwanza rumande kwa Faris, akamwambia muuaji amepatikana na ni nani. Faris alikaa chini taratibu, kama aliyepewa mzigo kuushika.

"Kwa nini hukunitajia mama yake?"

"Nilimwahidi Rabih. Alimwomba aje, akaapa hakuna atakayejua. Yule mama ana kijiji cha kurudi." Alifikiri. "Mlango wa gari nilifunga mimi, siyo?"

Ghassan alimwambia hakujua. Ni jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama yaendavyo. Kabla jioni haijafika, mkubwa fulani wa huko mlimani alikuwa ameshazungumza na Kanali, na wakili mwenye viatu vinavyong'aa alikuwa ameketi na Mansur. Wakili alimweleza kwamba habari ya vigelegele aiache, majaji hawataielewa. Aseme heshima ya familia. Aseme hasira za ghafla. Hayo majaji wanayaelewa hata wakiwa wamesinzia. Mansur alikataa mara moja, akasema siyo hivyo ilivyokuwa. Wakili akamuuliza nani atamwogesha mama yake uzeeni, na Mansur akatia saini. Alitazamiwa kurudi nyumbani kabla mitufaha aliyoiacha haijazeeka.

Faris alifutiwa shtaka la mauaji. Halafu Kanali akafungua jalada la pili, la karamu yenyewe, na ushahidi wake ulikuwa tayari kwa mwandiko mzuri wa Ghassan, mume wangu, sheria haimjui. Ghassan aliomba maelezo yale yaondolewe, kwa kuwa yalichukuliwa kwa kesi nyingine. Kanali alimuuliza amebakiza muda gani kustaafu, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Ghassan akarudi mezani kwake. Hakuomba tena.

Rabih alizikwa kijijini bila Faris kuambiwa.

Kesho yake mchana Mama Mansur alifika kituoni na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ndugu ndio wanaowalisha watu wa rumande, na wa Faris hakuwa ameonekana hata mmoja. Wale ambao wangemletea walikuwa wamejifungia majumbani, simu zimezimwa. Ghassan alimwongoza mama mwenyewe. Kwenye ujia wa vyumba vya mahabusu bomba lilikuwa limepasuka, maji yametuama katikati, na taa moja ndiyo iliyokuwa ikiwaka, tena kwa kusitasita.

Faris aliposikia hatua alisimama, akalishika shati lake akalinyoosha.

"Mama," alisema.

Mama Mansur alipita kama mtu apitaye duka lililofungwa. Alikwenda mpaka chumba cha mwisho, akampa mwanawe sufuria, akamngoja ale, akamfuta mdomo kwa kitambaa kupitia nondo. Akarudi njia ile ile. Safari hii Faris hakumwita, aliuliza tu, kwa sauti ndogo, wamemlaza karibu na baba yake au peke yake.

Mama hakugeuka. Mlango wa nje ukafungwa.

"Hajaniona, afande," Faris alisema. "Macho yake yamepungua nguvu. Usiku ule wa karamu nilikuwa namchambulia samaki miiba."

Ghassan hakumbishia. Alikuwa ameona jinsi mama yule, kwenda na kurudi, katika giza lile, alivyoinua gauni lake na kuyaruka maji.