Kilichokuwa Sandukuni

Jumamosi mchana duka kubwa la vyakula pale Adelphi, Marekani, hufurika kama kuna kitu kinagawiwa bure. Chepkirui alikuwa kwenye foleni na mafungu yake ya sukuma, koti refu jeusi juu ya sare ya bluu ya kazini, miguu inamuuma kwa kuinua wagonjwa tangu alfajiri. Juu ya kaunta palikuwa na televisheni iliyozimwa sauti. Mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa akizungusha mikono juu ya ramani, na nyuma ya Chepkirui sauti nzito ya kiume ikaanza kumsemea.

“Ndugu zangu wa Maryland, hapa patanyesha, na hapa patanyesha. Hapa ninapogusa ni kwa mama mkwe wangu. Huko kuna radi.”

Chepkirui akacheka mpaka sukuma zikamponyoka. Alipogeuka alimwona kijana mrefu, kofia ya sufu ya kijani kichwani, fulana ya mafundi wa viyoyozi kifuani.

“Kumbe kuna mtu anaelewa!” kijana akashtuka.

“Aki wewe! Nani alikufunza kusemea watu hivyo?”

“Mwanza, dada. Nilikuwa natafsiri sinema kwenye mabanda ya video. Mzungu anafungua mdomo, sauti inayotoka ni yangu.”

Huyo ndiye Zefania. Kufikia theluji ya kwanza walikuwa wakipigiana simu kila jioni, yeye akiwa Columbia na Chepkirui akiwa Laurel, mji wa jirani, kwa kaka yake Kiplagat.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Na uwache kunipigia ukidrive.”

“Nimepaki, ili nikuwaze vizuri.”

“Uongo mtamu huo. Endelea tu.”

Jioni moja, ndani ya gari lake, Chepkirui alimwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote Marekani. Alikuwa na binti wa miaka sita, Chepkoech, huko Eldoret. Alimzaa akiwa chuo cha uuguzi, wakati Kiplagat ndiye aliyekuwa akimsomesha kutoka huku. Mama yake na shangazi yake Chebet waliogopa Kiplagat asije akakasirika na kuacha kulipa karo, wakakubaliana mtoto awe wa Chebet. Uongo ukakua pamoja na mtoto. Kila Jumapili Chepkirui alipiga simu, na binti yake wa kumzaa akamwita dada.

“Kip akijua atanikana,” alisema, meno yakigongana ingawa hita iliwaka. “Ameninyima nini huyu mtu? Hakuna. Na mimi nimemdanganya miaka yote hii. Usiseme, Zefa. Hata ukiota, usiseme.”

“Siwezi kukuuza, kipenzi.”

Alikuwa mkweli, maskini. Tatizo lilikuwa kazi yake ya zamani.

Mwezi wa pili watu wa Afrika Mashariki waliandaa siku ya familia kwenye ukumbi mmoja Adelphi. Watoto wa huku husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na wazee nao Kiingereza cha kwenye sinema huwapita mbio. Ikaonekana filamu bubu ndiyo itakayowakalisha pamoja. Ikapatikana moja ya vichekesho, ya karibu miaka mia, iliyotokana na mchezo wa jukwaani. Ndiyo maana karibu yote imo katika sebule moja yenye milango mitatu, huyu anatoka hapa, yule anaingia pale. Msichana amemficha mchumba wake sandukuni, na mjomba mkali anataka sanduku lifunguliwe. Zefania akapewa maikrofoni.

Sasa, mtafsiri wa banda la video hatafsiri tu. Mle ndani ya sinema hutia bei ya sangara, hutia majirani, hutia fumanizi la juzi. Akinyamaza kidogo watu wanapiga miluzi. Zefania alipasha ukumbi moto mpaka vitoto vikaanguka kutoka vitini. Kisha mjomba wa kwenye filamu akanyoosha kidole kwenye sanduku, msichana akapiga magoti, mdomo wake ukafunguka. Ulimi wa Zefania ukadaka kilichokuwa karibu.

“Mjomba, usifungue! Humo yumo mwanangu! Nimempa shangazi anilelee, na kila Jumapili ananiita dada kwenye simu!”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Chepkirui, ndani ya gauni lake jipya la njano, alikamata kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Ubavuni mwake Kiplagat alikuwa akicheka huku akijifuta machozi kwa kiganja. Uchungu wake wote ulikuwa umegeuzwa kichekesho, na kaka yake mwenyewe anakipigia makofi. Aliinuka, akawakanyaga watu miguu, akatoka nje kwenye baridi bila koti.

Zefania alimwona akitoka, na hapo ndipo aliposikia alichokisema.

Alipiga simu, ikaita tu. Akapiga tena na tena. Jumapili, baada ya kanisa, simu ambayo Chepkirui aliipokea ilikuwa ya mwanamke mmoja wa kwaya aitwaye Wamaitha.

“Chepkirui, jana ulitoka mbio kwani? Filamu ilikugusa?” Akacheka kidogo. “Si nilikuwa nauliza tu.”

Chepkirui akakata simu. Wamaitha akishajua, Laurel nzima itakuwa imejua kabla ya chakula cha jioni. Akampigia Zefania.

“Umeniua,” alimwambia.

“Nisikilize, mpenzi...”

“Ulinicheka mbele ya watu!”

“Sikukucheka. Pale ukikaa kimya unazomewa, unashika chochote kilicho moyoni. Na aliye moyoni mwangu ni wewe.” Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka. “Nilikosa. Nilikosa vibaya sana. Lakini hakuna aliyejua kitu, Chepkirui, mpaka uliposimama.”

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimtisha Chepkirui zaidi.

“Basi kuja,” alisema. “Naenda kumwambia Kip kabla hajaambiwa. Naogopa, Zefa. Naogopa hata kutembea.”

Zefania alipofika Laurel, Kiplagat alikuwa sebuleni akimenya viazi.

“Shikamoo, kaka,” alisema Zefania, kofia mkononi.

“Eeh. Poa,” alijibu Kiplagat. “Wewe si ni yule wa jana?” Kisha akamwona dadake mlangoni, midomo imekauka. “Ni nini?”

Chepkirui alisema yote akiwa amesimama, macho kwenye maganda ya viazi. Alipomaliza, kisu kilikuwa kimetua mezani. Kiplagat alikwenda dirishani akawapa mgongo, na Chepkirui akaanza kufikiria ni nguo zipi atakazobeba.

“Jana nilicheka,” Kiplagat alisema hatimaye. “Nilicheka sana.”

“Hukujua, Kip.”

“Hata wewe hukunijua. Ulifikiri ningekutupa?” Akageuka, macho mekundu. “Nimekasirika. Nitakasirika mwaka mzima. Lakini leo ni Jumapili, na huyo mtoto anangoja simu.”

Alipiga yeye mwenyewe, ya video. Chebet alipowaona wote kwenye kioo akaelewa, akaanza kulia kabla hajaulizwa. Chepkoech akapenyeza uso wake mbele.

“Dada! Mbona mama analia?”

Chepkirui alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Zefania akavuta pumzi kumsaidia, Kiplagat akamshika bega. “Mwache aseme mwenyewe.”

“Chepkoech,” alisema Chepkirui, “mimi si dada yako. Mimi ndiye niliyekuzaa. Mimi ni mama yako.”

Mtoto alimwangalia, kisha akamgeukia Chebet, kisha akarudi.

“Sasa huyu nitamwita nani?”

“Mama vilevile. Unao wawili.”

Chepkoech alilipima jambo hilo, likamtosha. Kidole chake kikaja mpaka kikafunika kioo.

“Na huyo mwanamume nyuma yako ni nani?”

Wakageuka wote. Zefania, fundi wa maneno, alikuwa ameduwaa, kofia imekunjwa ngumini.

“Jibu,” alisema Kiplagat. “Hata mimi nataka kujua.”

“Nataka kuwa baba yake,” alisema Zefania, “kama mama yake atanisamehe.”

Chepkirui alinyoosha mkono, akamshika.

“Ya posa hutaongea peke yako,” Kiplagat alisema, akiokota kisu chake. “Tafuta wazee. Na hao wazee ndio watakaosema, wewe utanyamaza.”