Meza Kwanza, Ndipo Unishike

"Meza."

Wendell alisimamisha uma hewani. Kando ya mayai yake, mkewe Odette alikuwa ameweka kidonge kimoja cha njano.

"Naumwa nini?"

"Huumwi bado. Ndiyo maana unameza sasa."

"Odette, jana nimebeba mawe kutwa nzima. Sina homa, sina doa. Magoti tu ndiyo yananiuma, na hayo yananiuma tangu tulipooana."

"Meza kwanza, ndipo unishike. Mpaka hapo, kila mtu na kitanda chake."

Akachukua kikapu akaenda kuchuma maharage nyuma ya nyumba, akimwacha mwanamume wa miaka hamsini na miwili anatazamana na kidonge.

Mambo yalianza mwezi Mei. Odette aling'atwa na kupe nyuma ya goti, na huku kwetu mashariki ya Connecticut, Marekani, hiyo si habari ya kumtoa mtu kitini. Lakini doa likatokea, jekundu, la mviringo, likatanuka. Homa ikafuata. Halafu asubuhi moja kahawa ikamtiririka kidevuni, kumbe upande wa kushoto wa uso umelegea. Ugonjwa wa Lyme. Akameza dawa wiki tatu, akapona, na uso ukaanza kurudi polepole.

Siku aliyomaliza dozi, akahamia chumba cha cherehani.

Wendell hakuelewa. Kazi yake ni kujenga na kukarabati kuta za mawe za mashambani, zile zinazopangwa bila saruji, na ndani ya kuta hizo wanaishi panya, na juu ya panya wanaishi kupe. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na nne, kila alasiri akirudi kazini, alivua shati bafuni karibu na dirisha, na Odette akamkagua shingo, kwapa na mgongo mzima. Kisha wanabadilishana. Kupe aliyekutwa alibandikwa kwa utepe wa gundi kwenye kalenda ya jikoni, juu ya tarehe yake, ili mtu akiugua ijulikane aling'atwa lini. Kukaguana huko kulianza kwa hofu na kukaishia kwenye kicheko karibu kila siku. Sasa tangu Juni kalenda ilikuwa nyeupe.

"Ana mtu," Wendell alijisemea. Moyo ulimuuma kwa kweli.

Simu ya Odette ikalia mezani. Hakukusudia kusoma. Alisoma.

"Kama hataki kumeza, kisage utie kwenye kahawa yake. Asijue. Gaylene."

Akachukua kikombe cha kahawa mbele yake, akakinusa, akamwaga yote kwenye sinki.

Kwa siku tatu akawa anatoka asubuhi na kurudi na kahawa ya kituo cha mafuta, kwenye kikombe cha karatasi. Siku ya nne Odette akamsimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Kahawa yangu ina nini siku hizi?"

"Wewe niambie ina nini."

"Wendell, ongea kama mtu mzima."

"Haya. Gaylene ni nani? Na kwa nini mnataka kunitilia vitu kwenye kahawa?"

Odette akashusha mikono. "Umesoma simu yangu?"

"Ilikuwa inalia mbele ya mayai yangu! Kama una mtu mwingine, niambie niondoke na pikapu yangu. Usiniue kama panya!"

"Mtu mwingine? Kwa uso huu?" Machozi yakamtoka, na kwa kuwa jicho la kushoto lilikuwa bado zito, upande huo yalimwagika zaidi. Akamsukumia simu kifuani. "Soma. Umezoea kusoma nusu, leo soma yote."

Wendell akasoma. Chini ya maneno ya Gaylene kulikuwa na jibu la mkewe:

"Sitamlisha mume wangu kitu kwa siri. Akikataa nitakaa mbali naye mpaka nife, lakini kahawa yake haiguswi."

Akalisoma mara mbili. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Odette..."

"Gaylene wa kwenye kundi la wagonjwa mtandaoni anasema ugonjwa huu unapita kitandani. Kwamba unaweza kukaa nao kimya, huna hata dalili, mpaka siku moja moyo wako usimame juu ya ukuta wa watu. Unadhani mimi napenda kulala na cherehani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia meza!"

Hapo Wendell akacheka bila kupenda. Akachukua ufunguo wa gari. "Twende kwa daktari sasa hivi. Mimi, wewe, simu na hivyo vidonge. Akisema nimeze, nameza mbele yako."

"Unaapa?"

"Naapa."

Daktari Kowalczyk, mama mfupi asiyependa maneno mengi, ndiye aliyemtibu Odette. Akamsikiliza Wendell moyo, akampima, akamuuliza maswali, kisha akageukia chupa ya vidonge.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Gaylene alinitumia kwa posta."

"Gaylene ni daktari?"

Odette akainama. "Anauza mishumaa."

Daktari akaiweka chupa kwenye droo yake akaifunga. "Nisikilizeni. Hatuna ushahidi kwamba mtu anampa mwenzake ugonjwa huu, si kwa busu wala kitandani. Anayeuleta ni kupe. Huyu mzee hana doa, hana homa, moyo wake unakwenda vizuri. Simpi dawa mtu mzima wa afya eti kwa sababu mkewe aliugua."

"Basi mpime damu," Odette akasihi.

"Ameshinda kwenye mawe miaka thelathini. Kipimo kinaweza kuonyesha jambo la zamani lililokwisha pita, tukaanza kukimbizana na kivuli. Akipata doa, homa, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, mlete siku hiyo hiyo. Na mkimkuta kupe amemng'ang'ania zaidi ya siku moja na nusu, nipigieni ndani ya siku tatu, hapo tutazungumza dawa." Akavua miwani. "Sasa mniambie. Mgongo wake anaukagua nani?"

"Najitahidi na kioo," Wendell akasema.

"Tangu lini?"

"Juni."

"Mama, umemkimbia mumeo ili usimuue, ukamwachia kupe mgongo mzima. Hatari yenu iko hapo. Nendeni nyumbani."

Walipofika nyumbani, Odette alimshika mkono, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akamvuta mpaka bafuni karibu na dirisha. Jua la alasiri lilikuwa limejaa tele.

"Vua."

"Pole pole, mke wangu, majirani."

"Vua, nimesema! Geuka. Inama. Mgongo huu umekuwa mchafu, Wendell, una vumbi la ukuta mzima."

"Hauna mwenyewe tangu Juni."

Vidole vyake vikapita shingoni, vikashuka begani. Ghafla vikasimama.

"Usitikisike."

"Yupo?"

"Yupo. Mdogo kama punje ya ufuta." Akasogeza uso karibu. "Anatembea! Wendell, anatembea, hajang'ata! Alikuwa bado anatafuta mahali pa kukaa, mshenzi huyu!"

Akambana kwa kibano, akakimbia naye jikoni, Wendell nyuma yake kifua wazi. Akambandika kwenye kalenda, tarehe ishirini na tatu Agosti, akachukua kalamu akaandika chini yake: "Huyu hakumpata."

Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyeshinda. Wendell akamshika mashavu yote mawili, macho yamemtoka.

"Odette, cheka tena."

"Kwa nini?"

"Wewe cheka tu."

Akacheka. Mdomo ukapanda kulia, na kushoto nako ukapanda vilevile.

Wendell akambusu pale pale, kisha akaenda chumba cha cherehani kuuleta mto wa mkewe.